Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkusanyo wa Kudumu Ndio Sura ya Makumbusho ya Lamu

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Mwaka huu kamati imeamua nguvu za chama zielekezwe kwenye mkusanyo wa kudumu kabla ya jambo jingine lolote. Maonyesho ya muda huja yakaondoka. Kinachomjulisha mgeni kwamba yuko Lamu ni vile vitu visivyoondoka. Fort Jesus, Mombasa, hutajwa kwa ngome na kwa mabaki ya Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697. Makumbusho ya Lamu hutajwa kwa nyumba na heshima zake: zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, milango ya nakshi, viti vya enzi, na juu ya vyote siwa mbili, yaani baragumu kubwa za heshima, ya pembe ya ndovu kutoka Pate, inayopita mita 2 kwa urefu, na ya shaba ya Lamu.

Itazameni siwa kwa karibu. Tundu la kupulizia liko ubavuni, si nchani. Ilipulizwa katika harusi na shughuli za watu wa daraja la juu, na haikuwa ya kila mtu. Kibandiko kinachosema “baragumu la pembe” tu kimeacha nje nusu ya kitu chenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza kumbukumbu: kitu kilitoka nyumba gani, kilitumika lini, na nani alikuwa na haki nacho. Bila hayo, kiti cha enzi ni fanicha tu.

Sasa utunzaji, kwa sababu wengi wenu mna vitu vya aina hii majumbani. Pembe hunyonya unyevu wakati wa masika ikavimba, kisha husinyaa hewa ikikauka, na ufa hufuata mkondo wa nyuzi zake. Kinachoipasua zaidi ni mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kina madhara kuliko kutokuwa nacho. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu. Msitumie maji wala mafuta. Katika viti vya enzi, vipande vya pembe vilivyopachikwa hubanduka gundi ikichoka; kipande kikianguka, kiwekeni katika bahasha yenye jina la kiti na mahali kilipotoka, wala msikirudishe kwa gundi ya dukani.

Shaba isisuguliwe kwa ukwaju, ndimu wala majivu. Kila msuguo huondoa shaba kidogo, na nakshi ndiyo hutangulia kufutika. Chumvi ya bahari na jasho la vidole huanzisha kutu ya kijani, basi ishikeni kwa glavu. Kwa milango, chunguzeni unga mpya chini ya mfaa (ubao wa katikati ya mlango) na fremu: ni dalili ya dumuzi walio hai. Nguo na karatasi zisipate mwanga unaozidi luksi 50, maana rangi ikishapauka hairudi.

Kuhusu zawadi, kamati inapendekeza chama kisaidie kupeleka makumbusho kile tu kinachoongeza maana kwa vilivyopo. Kinyago kizuri cha kwingineko hakina nafasi hapa, na kukikataa si dharau. Kila kitu kipigwe picha pande zote kikiwa na rula kando, kipimwe, na maneno ya mwenye nacho yaandikwe kama alivyoyasema. Namba ya usajili iandikwe juu ya tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa, mahali pasipoonekana, kisha ifunikwe kwa tabaka la pili. Utepe wa gundi hapana: joto huuyeyusha, doa likabaki na namba ikapotea.

Fomu ziko kwa katibu. Mwenye kitu anachotaka kitazamwe akilete kama kilivyo, hakijaoshwa wala kusuguliwa.