Risala ya Akina Mama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji na Ndugu Mtendaji, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, viongozi wetu wa dini, akina mama wenzangu, na akina baba wachache mliofika: kamwene!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi akina mama wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa cha hapa kijijini, tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu kwenye baridi hii na kwa barabara uliyoiona mwenyewe. Kwa kuwa umeiona, leo hatutaisemea. Tumekuja na jambo moja tu, sahani ya mama.

Njiani umepishana na malori. Yamebeba viazi vyetu kwenda Dar es Salaam, vimefungwa lumbesa, magunia ya kujazwa kupita kipimo, kama kawaida. Mengine yamebeba maparachichi yatakayoliwa Ulaya. Mahindi tunavuna, maharage tunavuna. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba hapa mkoani Njombe watoto waliodumaa, wenye umri chini ya miaka mitano, ni asilimia 50.4. Jirani zetu wa Iringa ni asilimia 56.9, na Rukwa asilimia 49.8, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Mikoa inayojaza maghala ya wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao.

Habari hizi ziliposomwa kijijini, wazee wetu wengine walicheka, wakasema watu wa huku ni wafupi tangu mababu. Tukamuuliza muuguzi. Akatueleza kwamba vipimo vilivyochorwa kwenye kadi ya kliniki vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa ipasavyo, na ikaonekana kwamba katika miaka mitano ya mwanzo wanarefuka karibu sawasawa. Basi ukoo peke yake hauwezi kudumaza nusu ya watoto wa mkoa. Maradhi ya kuhara yana sehemu yake, na uji mwepesi usio na kitu una sehemu yake. Lakini kwa watoto wengi hesabu inaanza kuharibika wakiwa bado tumboni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tuseme kwa lugha ya kikoba. Mtoto aliye tumboni hana shamba lake. Kila anachokula kinatoka kwenye damu ya mama na kumfikia kupitia kondo la nyuma. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama mfereji mdogo unaofunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla wengi wetu hatujajua kama tumeshika mimba. Foliki asidi, iliyomo kwenye maharage na mboga za majani, ikipungua wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo mama anayefika kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, kwa jambo hili amekuta mlango umeshafungwa, ingawa vidonge vitamsaidia kwa mengine. Kisha, katika miezi ya mwisho, mtoto hujiwekea akiba ya madini ya chuma ya kumvusha miezi sita baada ya kuzaliwa, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mama aliyepungukiwa damu atamwekea nini? Mfuko mtupu hautoi gawio.

Sasa angalia tunachokula. Asubuhi chai ya rangi na viazi, mchana ugali wa sembe, jioni ugali na maharage, halafu chai tena juu yake. Chai ya kwetu tunaipenda, lakini ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma ya kwenye maharage isiingie mwilini. Isubiri walau saa moja. Kipande cha chungwa au papai palepale kingefanya kinyume chake. Wapo wanaokula udongo wa pemba, na mara nyingi hamu hiyo ni dalili kwamba damu imepungua, si deko. Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, Mheshimiwa, tuuseme. Msimu wa mvua ukifika, mjamzito anapewa kikombe eti apate nguvu. Pombe nayo inapita kwenye kondo kama inavyopita chakula.

Mimi ninayesoma risala hii ni shahidi. Mimba yangu ya kwanza ilikutana na msimu wa kuvuna viazi. Nilichimba mpaka wiki ya mwisho, nikirudi jioni nimechoka hata kutafuna. Mayai sikula, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mtoto atazaliwa hana nywele. Kuku akichinjwa, nyama ilikwenda kwa mwenye nyumba na wageni wake, nami nikafurahia mchuzi. Sikunyimwa na mtu. Ndivyo nilivyomwona mama yangu akifanya. Mtoto alizaliwa na kilo mbili na kidogo, wakati kipimo cha chini ni kilo mbili na nusu. Leo yuko darasa la nne, na mdogo wake wa darasa la pili, niliyembeba nikiwa nimeshajifunza kula, amempita kwa bega. Wageni wakija wanadhani huyu wa pili ndiye mkubwa. Mwenyewe anasikia.

Kuhusu kunyonyesha tuna ombi kwa mama wakwe. Mtoto akilia mkasema maziwa hayatoshi, msikimbilie uji akiwa na miezi miwili. Hata mama aliyekonda kwa kawaida hutoa maziwa ya kutosha mtoto akinyonya mara kwa mara. Kinachopungua kwa mama asiyekula vizuri ni vitamini na madini joto ndani ya maziwa hayo. Mpeni mama, msimpe mtoto. Mjamzito anatakiwa aongezewe mlo mmoja kwa siku, na anayenyonyesha aongezewe milo miwili.

Kikoba chetu hakikukaa bure. Tumepitisha kwamba mfuko wa jamii umnunulie mwanachama mjamzito trei la mayai kila mwezi na dagaa wa Nyasa wanaoletwa kutoka Ludewa. Mimba ikifika mwezi wa saba, wenzake wanamlimia. Maparachichi madogo yanayokataliwa na wanunuzi hatuyatupi tena wala hatuwapi nguruwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Yako yanayotushinda. Zahanati yetu ina mizani lakini haina kibao cha kupimia urefu, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri kabisa, mizani isimgundue. Vidonge vya kuongeza damu huisha, na mama aliyeambiwa arudi kesho hutembea tena milima ileile. Kuku wetu wanamalizwa na kideri kila mwaka. Tunaomba chanjo ifike kabla ya ugonjwa. Na ile shilingi 1,000 ya lishe ambayo halmashauri inatakiwa kutenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, tunaomba tusomewe hapa kwenye mkutano wa kijiji imefanya nini. Ombi la mwisho haligharimu serikali kitu: uwaambie akina baba, kwa sauti yako, kwamba kliniki ya kwanza ni ya watu wawili.

Mheshimiwa, chakula kiko tayari. Utatuwia radhi, maana leo tumekubaliana kuwapakulia wajawazito na wanaonyonyesha kwanza, na finyango nono ni zao. Meza kuu itasubiri kidogo.

Naomba kuwasilisha.