Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayefundisha kwaya Masasi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka Mtwara mjini. Nimesikia kwamba kwaya yako imekusudia kuigiza wakati wa Kwaresima, kwa mavazi, panga na madhabahu ya mbao, kisa cha Yeftha, yule mwamuzi wa Israeli aliyeweka nadhiri kwamba akishinda vita atamtoa sadaka atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki, naye akatoka binti yake wa pekee. Nakuomba kwa moyo wote uviweke kando vitu hivyo, ukiimbishe kisa hicho kama oratorio, ambamo habari takatifu husimuliwa na waimbaji waliosimama mahali pao, pasipo maigizo yoyote. Watu wa pwani yetu hawatashangaa, kwa maana hata Mikindani, Barzanji inaposomwa katika maulidi, habari za kuzaliwa kwa Mtume huwafikia wasikilizaji kwa sauti tu, wala hakuna anayedai aonyeshwe.

Muziki huu ulianzia Roma, katika mikutano ya sala ambayo padre Filippo Neri aliiendesha katika karne ya 16, walei wakisali, wakisikiliza mahubiri na kuimba. Katika karne iliyofuata Giacomo Carissimi, aliyeongoza muziki katika chuo cha Wajesuiti mjini humo, alitunga kwa Kilatini oratorio iitwayo Jephte, na hiyo ndiyo ninayokupendekezea. Haifiki hata nusu saa, na kinanda kimoja chatosha kuisindikiza.

Yuko Msimulizi, lakini kazi yake haikukabidhiwa mtu mmoja: mara huimba sauti ya nne (besi) peke yake, mara sauti mbili za juu, mara kwaya nzima. Waimbaji walewale huwa jeshi linalopigana na wana wa Amoni, kisha wakawa rafiki za binti. Ukiwavisha mavazi ya askari, utawafunga katika sura moja, nao uwezo huo wa kugeuka utapotea.

Zaidi ya yote, fikiria maombolezo. Waamuzi 11 inatuambia tu kwamba binti aliomba miezi miwili aende milimani kulia pamoja na wenzake. Maneno ya kilio chenyewe haiyataji. Oratorio hii ikayajaza hapo. Binti anaisihi milima ilie pamoja naye, na kila anapomaliza kifungu, sauti mbili zinarudisha maneno yake ya mwisho, kama mwangwi. Wasichana wako wamekua chini ya miamba ya Masasi, na mwangwi wanaujua tangu utotoni. Waweke wawili nyuma ya kanisa, mahali wasipoonekana, nao waumini wataiona milima bila wewe kupaka rangi turubai hata moja. Baada ya hapo kwaya inaingia kwa sauti sita, ikiwaita wana wa Israeli walie, na sijui muziki mwingine wa kanisa unaoomboleza kwa heshima kubwa kuliko huo.

Najua wazee watataka Haleluya ya mtunzi Handel, kwa kuwa wameizoea kila Pasaka. Ni kweli kwamba Handel ndiye aliyeistawisha oratorio ya Kiingereza, hasa baada ya mwaka 1732, askofu wa London alipopinga kisa cha Esta kuigizwa jukwaani. Na oratorio yake Messiah, ambamo Haleluya imo, iliyoimbwa kwanza Dublin mwaka 1742 ili kusaidia wafungwa wa madeni na wagonjwa, ni kazi kuu. Lakini Haleluya hufunga sehemu yake ya pili, mara tu baada ya maneno ya Zaburi ya 2 kuhusu mataifa yanayofanya ghasia na fimbo ya chuma itakayowavunja. Tunapoikata peke yake, tunaimba jibu ambalo swali lake halikusikika. Iacheni hadi mtakapoweza kuimba na kinachoitangulia.

Kazi ngumu itakuwa tafsiri. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo ukiangusha pigo zito mahali pengine, neno huharibika hata kama nota zote ni sahihi. Kwa hiyo badilisha maneno, usibadilishe nota. Anza na sehemu za Msimulizi, kwa sababu zinafuata mwendo wa kusema, kisha nitumie kabla hujawagawia waimbaji. Kinanda nitakuja kupiga mwenyewe.

Wako katika Bwana,
Kaka yako