Vijana wa amali si wavivu, kazi zao zinaishia jikoni

Mhariri,

Kila ukitajwa mkondo wa amali, yaani ule wa masomo ya ufundi sekondari, hakosekani mtu wa kusema kwamba vijana wake hawana juhudi, eti ni wale hesabu ziliwashinda. Tangu baadhi ya shule zianze mtaala mpya kwa kidato cha kwanza, Januari 2024, maneno hayo nayasikia hata kwa wazazi wenye watoto humo humo. Mimi ni seremala hapa Mafinga na vijana hao nawapokea karakanani kwangu. Naomba nafasi nibishe.

Likizo moja ya Juni nililetewa kijana wa kidato cha pili. Alikuwa akifika saa nne, mikono mfukoni. Nikampa mazoezi yale yale niliyopewa mimi enzi zangu: chonga ulimi kwenye ubao mmoja, toboa tundu lake kwenye mwingine, unganisha, fundi akague, tupa, anza kingine. Alikuwa akifanya nusunusu, randa kaishika kama panga. Nikajisemea, huyu kaletwa tu.

Wiki ya pili, mama mmoja anayeuza chai stendi akaagiza mabenchi mawili. Moja nikamwachia kijana, mwanzo mpaka mwisho. Siku hiyo aliniuliza maswali kuliko wiki nzima iliyopita. Miguu ilale kiasi gani? Paini hii haijakauka vizuri, haitapinda? Saa kumi na mbili jioni, na baridi yetu mnaijua, nikamkuta bado anapiga msasa. Hakuna aliyemwambia abaki. Tulipolifikisha stendi, mguu mmoja ukawa unacheza. Akalibeba kichwani mwenyewe kulirudisha karakanani. Mama yule anasema mpaka leo kijana akipita pale, kwanza analitikisa benchi, ndipo anaagiza chai.

Nilimuuliza vile viungo vya mbao vya mazoezi wanavyochonga shuleni huenda wapi. "Jikoni, fundi. Ni kuni." Na darasani mnakaaje? Watatu watatu, kwenye madawati yaliyofungwa waya.

Mhariri, hapo ndipo niliposhindwa kumlaumu tena. Nani atatoka jasho kwa kitu anachojua kesho kitachemshia maharage?

Sisemi wote ni malaika. Mwingine alitoweka siku ya tatu, na futi kamba yangu ikatoweka naye. Najua pia walimu wamezidiwa, na kiungo cha mazoezi ni rahisi kukitolea alama kuliko dawati. Lakini hoja ya kwamba hakuna mbao, kwa sisi tunaoishi ubavuni mwa msitu wa Sao Hill, inanipa shida kidogo. Mabanzi yamelundikana kwenye viwanda vya kupasulia magogo, na dawati bovu lenyewe lina mbao nzuri ndani yake. Linataka mguu na misumari. Mwanafunzi akilitengeneza, aandike jina lake kwa chini, alikalie mwenyewe muhula mzima. Likivunjika, wenzake watamjua fundi.

Shule iliyo jirani nami ina madawati kumi na mawili yamelala nje, yananyeshewa. Nimemwambia mkuu wa shule alete vijana sita siku ya Jumamosi, gundi na misumari nitatoa mimi. Aliahidi kulipeleka kwenye kikao. Mvua za Novemba zimeanza na madawati bado yako pale pale.

Fundi seremala,
Mafinga, Iringa