Shukrani kwa mama wa Roccaporena

Mama uliyenishika mkono Roccaporena, Italia, mchana wa Mei 22, sikukuu ya Mtakatifu Rita, popote ulipo, asante sana.

Nilitoka mji wa Cascia kwa miguu baada ya misa na baraka ya mawaridi, kilomita zipatazo tano, nikaone kijiji alikozaliwa Mtakatifu Rita. Mwili wake nilishauona basilikani, ndani ya jeneza la kioo. Ila moyo wangu ulikuwa kwenye ule Mwamba mrefu alikopanda kusali. Mama yangu ni mgonjwa, na Rita ndiye mwombezi wa mambo yaliyoshindikana.

Katikati ya mlima magoti yaligoma. Nikakaa, machozi yananilenga, waridi langu limeanza kunyauka.

Wewe hukujua Kiswahili, nami sijui Kiitaliano. Ulilowesha leso kwa maji ya chupa yako, ukalifunga shina la waridi taratibu, fundo dogo kabisa, kisha ukanipa mkono. Tulipanda tukipumzika mpaka kwenye kikanisa cha kileleni. Niligeuka, ulishaanza kushuka.

Waridi limefika Moshi. Limekauka, lakini hakuna petali iliyodondoka. Mama amelihifadhi kwenye Biblia yake pamoja na leso yako, na ndiye aliyesema nikuandikie.