Barua ya wazi kwa wanangu mnaojiuliza mvae nini kwenye usaili

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Swali lenu nimelipokea pia, na kwa kuwa mmeniuliza wengi, naona heri niwajibu wote kwa pamoja: nivae nini siku ya usaili? Wengine mnauliza huku mmeshajijibu. Mnangoja tu mzee atamke neno suti ili mkakope hela ya kuinunua. Sitalitamka, angalau si kwa kila mtu.

Nimekaa miaka mingi upande wa wanaouliza maswali, na simkumbuki hata mmoja niliyempa kazi kwa ajili ya suti yake. Ninaowakumbuka ni wale ambao nguo zao ziliwanyima utulivu. Binti mmoja alijibu kila swali huku mkono wa kushoto uko kwenye pindo la sketi. Anaivuta ifike magotini, akiachia inapanda, anaivuta tena. Ilikuwa sketi nzuri, mpya, na bila shaka aliijaribu dukani akiwa amesimama. Tulipomuuliza angefanya nini mteja akiukataa mzigo, aliomba turudie swali. Tukarudia, akaomba tena. Hakuna aliyemkata alama kwa sababu ya sketi, ila majibu yake yalitoka nusu nusu, na wenzake waliofuata waliyatoa kamili.

Ndiyo maana nawaambia vaeni nguo ambayo mkishaketi mtaisahau.

Kuipata nguo hiyo, anza na kazi yenyewe. Jua wafanyakazi wa pale huvaaje siku ya kawaida, kisha panda ngazi moja tu juu yao. Wakivaa fulana na jinzi, wewe shati lenye kola na suruali ya kitambaa. Wakivaa shati na suruali, ongeza koti. Wakivaa suti, hapo suti ni yako. Utajuaje? Tazama picha wanazoweka mtandaoni, au pita nje ya jengo saa ya kutoka kazini. Au mpigie simu aliyekuita umuulize, na wala si aibu. Mimi nikiulizwa hivyo humwona mtu anayejiandaa. Uliza pia kama kuna usaili wa vitendo. Nimemwona kijana wa kuchomelea vyuma amekuja na suti na tai, akapewa mashine achomelee kipande mbele yetu. Tai ameishika kwa mkono mmoja isishike cheche, na kazi yenyewe inataka mikono miwili. Kwa fundi, ovaroli safi na buti imara ni heshima tosha.

Mnabisha kwamba nguo haina uzito mbele ya elimu. Inao, na si haki. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alichapisha uchunguzi kuhusu maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima askari wao kwa mambo kadhaa: umbo, akili, uongozi, tabia. Aliona alama zinafuatana kupita kiasi. Aliyepewa nyingi kwa umbo alipewa nyingi kwa akili pia, kana kwamba ofisa ameamua mara moja halafu akajaza fomu nzima. Ugonjwa huo ni wetu sisi tunaokaa mezani. Jopo makini hujitibu kwa kuuliza kila mtu maswali yale yale na kutoa alama swali kwa swali, lakini huwezi kujua utaangukia jopo gani. Basi fua, nyoosha, piga kiwi viatu. Hayo hayahitaji mkopo.

Na msione haya kuvaa mtumba au kuazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami katika jambo hili nabishana nao kidogo. Isiyositiri ni ile uliyoazima jana usiku. Iazime wiki moja kabla, uivae ndani, uijue. Mtumba mpelekee fundi apunguze kiuno na urefu wa mikono. Koti la bei ndogo lililokukaa mabegani hulishinda la bei kubwa linaloning'inia, na mabega ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kurekebisha, kwa hiyo ukichagua anza hapo.

Mazoezi ya nguo hamyafanyi, na hapo ndipo mambo huharibikia. Vaa seti nzima, mpaka soksi, ukae kwenye kiti mbele ya kioo. Vifungo vya shati vinaachana kifuani? Suruali inabana tumbo, soksi fupi inaacha mguu wazi? Nyoosha mkono kama unayempa mtu karatasi. Inama uokote kalamu. Panda ngazi. Viatu vipya vivae ndani jioni kadhaa mpaka vilainike, maana hakuna anayefikiri vizuri huku kisigino kinachubuka. Funga kola, na vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kama unatoka jasho sana, epuka shati la kijivu au bluu hafifu. Jeupe au lenye rangi iliyokoza huficha zaidi.

Pasi nayo ina adabu zake. Ya moto mkali juu ya poliesta au sufu nyeusi huacha mng'ao usiotoka, kwa hiyo pindua nguo upande wa ndani, au tandika kitambaa cha pamba juu yake. Kitani kitakunjamana kabla hujafika. Kama safari ni ndefu, kiache. Koti jipya la suti mara nyingi huja na uzi ulioshonwa kama herufi X kwenye mpasuo wa nyuma, na pengine kitambaa chenye jina la mtengenezaji juu ya mkono. Hivyo ni vya dukani. Vikate taratibu kwa wembe. Nimeona mabwana wazima wakiingia navyo, na sisi tukatazamana.

Marashi kidogo au usipake kabisa, kwa sababu chumba kinaweza kuwa kidogo na mmoja wetu ana pumu. Bangili zinazogonga meza zibaki nyumbani.

Wapo walionitumia ujumbe kuhusu hijabu na nywele, wakiuliza kama wavue au wanyoe ili wapate kazi. Mimi ushauri wangu ni kwamba lile ambalo ungelivaa kila siku ukishaajiriwa, nenda nalo. Marekani mwaka 2008 msichana mmoja aliomba kazi kwenye duka la nguo la Abercrombie & Fitch akiwa na hijabu. Aliyemsaili alimwona anafaa, ila mkubwa wake akakataa kwa madai kwamba kitambaa kile kinavunja sheria ya mavazi ya kampuni. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2015 majaji wanane kati ya tisa waliamua dhidi ya kampuni. Mwaka 2019 jimbo la California likawa la kwanza nchini humo kupiga marufuku ubaguzi kwa sababu ya nywele za asili na mitindo kama rasta na kusuka. Sheria si sawa kila mahali, najua, na mwenye njaa hawezi kungoja mahakama miaka saba. Lakini kazi uliyoipata kwa kujificha utalazimika kujificha kila asubuhi. Nywele ziwe nadhifu, kitambaa kiwe safi na kimefungwa kisiteleze, basi.

Wenye usaili wa kwenye kompyuta, vaeni rangi moja tulivu isiyofanana na ukuta ulio nyuma yenu. Mistari myembamba iliyobanana hucheza kwenye kamera, ikamchosha macho anayetazama. Washa kamera jana yake, saa ile ile, uone mwanga unavyoanguka. Na suruali vaa, mwanangu. Anayekusaili atakuomba ulete cheti, nacho kiko kwenye rafu nyuma yako.

Ni mimi mzee wenu.