Msichanganye Niyonsaba na watu waliobadili jinsia

Ndugu mhariri,

Nawaandikia juu ya ile habari yenu ya michezo ya wiki iliyopita, ile ya kanuni za testosteroni (homoni ya kiume) kwa wanawake wanariadha, ambamo mliweka kwenye sentensi moja mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini, jirani yetu mkimbiaji Francine Niyonsaba wa Burundi na "wanaume waliojigeuza wanawake". Mimi ninafundishaka wasichana kukimbia huku Kadutu, huu mwaka wa tisa, na ile sentensi imenifikia mpaka uwanjani, nitaeleza.

Kwanza niseme ninavyoona, ili mtu asidhani napinga kila kanuni. Mtu aliyezaliwa mwanaume, akabalehe kama mwanaume, halafu baadaye akaanza kuishi kama mwanamke, naona shirikisho la riadha la dunia lilifanya sawa kumtoa kwenye mbio za wanawake kuanzia tarehe 31 Machi 2023. Sisemi hivyo kwa kumchukia mtu, anastahili heshima na kucheza kama wengine wote, nasema juu ya saa yangu ya mkononi. Mvulana na msichana wa miaka kumi ukiwapandisha mlima pamoja, leo huyu anatangulia, kesho yule, lakini wakifika miaka 16 msichana anabaki kuangalia mgongo wa mwenzake, ata kama yeye njo anafanya mazoezi zaidi. Kubalehe kwa mwanaume kunaongeza urefu, moyo, mapafu, misuli, na damu yenye kubeba hewa zaidi, na kwenye mbio za juu tofauti inakuwa kama asilimia 10 mpaka 12. Akitumia dawa za kushusha testosteroni, ile nguvu ya damu kubeba hewa inashuka ndani ya miezi michache, nguvu ya misuli inapungua kidogo tu kwa mwaka mzima, mifupa yenyewe inabaki vile vile. Ile kanuni ya Olimpiki ya 2015 ilisema ukikaa miezi 12 na testosteroni chini ya nanomoli 10 kwa lita ya damu unaruhusiwa, na wanawake wengi hawafiki ata 2! Watu wananitajia Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua vyuma aliyebadili jinsia, kwamba kule Tokyo alishindwa kunyanyua mara zote tatu, ni kweli, lakini alikuwa na miaka 43, na kufika Olimpiki kwenye kunyanyua vyuma na umri huo ni jambo la kufikiria.

Sasa Niyonsaba. Huyu hakubadili kitu chochote. Alizaliwa msichana, akalelewa msichana, akakimbia kama msichana, na mwaka 2016 kule Rio akaleta fedha ya mita 800, medali ya pili ya Olimpiki kwa Burundi nzima baada ya dhahabu ya Vénuste Niyongabo ya 1996. Siku ile tulikuwa tumejaa kwa jirani mwenye televisheni, bamama wanapiga vigelegele kama ni mtoto wa Bukavu. Semenya wa kwanza, yeye wa pili, Margaret Wambui wa Kenya wa tatu. Semenya alitumia 1:55.28, na mwanaume aliyeshinda mita 800 zile zile, David Rudisha, alitumia 1:42.15, kwa hiyo anayesema pale walikimbia wanaume aangalie hizo namba mbili kwanza.

Mwili wake unatengeneza testosteroni nyingi wenyewe, ni tofauti ya kuzaliwa nayo, hakuchagua. Mwaka 2018 shirikisho la riadha la dunia likaweka kanuni kwamba kuanzia mita 400 mpaka maili moja mwanamke wa namna hiyo aishushe chini ya nanomoli 5 kwa dawa, na 2019 mahakama ya michezo, CAS, ikaikubali ingawa majaji wenyewe walikiri kwamba kanuni hiyo inabagua. Niyonsaba akafanya nini? Akaacha mita 800 njo akaanza upya na mbio ndefu, akawa wa tano kwenye mita 10,000 kule Tokyo, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb, 5:21.56. Halafu 2023 wakapanua kanuni kwa mbio zote, chini ya 2.5 kwa miezi 24. Yaani alikohamia napo wakamfuata.

Kama kanuni hiyo ni ya haki au hapana, ata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwezi Julai 2025 ilisema kesi ya Semenya ya kupinga kanuni hiyo haikusikilizwa vizuri kwenye mahakama ya Uswisi. Mimi naona mwanamke mwenye afya asilazimishwe kunywa dawa ili akimbie, na wakati huo huo naelewa msichana anayekuja wa nne kila mara na kulia, nimewahi kuwa na wasichana wa hivyo na sina jibu rahisi la kuwapa. Lakini ni swali jingine kabisa na lile la waliobadili jinsia, na kwenye riadha rais wa shirikisho la dunia, Sebastian Coe mwenyewe, alisema 2023, siku ya kutangaza ile kanuni ya kuwatoa, kwamba kwa wakati ule hakukuwa na hata mmoja wao kwenye mashindano ya kimataifa.

Na hii njo imenifanya niandike. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mbio za mashule. Nina mtoto wa miaka 15, mrefu, mabega mapana, sauti nzito kidogo, anabebaka maji toka kisimani tangu utoto. Akashinda mita 800 kwa mbali. Mzazi mmoja akasimama na gazeti lenu mkononi akapiga kelele, "Uyu si mwanamuke, bamupime!" na wengine wakapokea. Mwandalizi mmoja akaja kuniuliza pembeni kama naweza kumpeleka nyuma ya choo "mama mmoja amuangalie". Nikakataa. Mtoto alikuwa amesikia yote, alifunga kitenge juu ya kaptula ya mbio akakaa chini, zawadi yake ya madaftari hakwenda kuchukua, na tangu siku ile hajarudi mazoezini. Mama yake ameniuliza, nitampima mtoto wangu nini, na kwa nini?

Ata kipimo chenyewe cha mabingwa ni cha kufuta ndani ya shavu au damu kidogo, mara moja maishani, kinaangalia jeni inayoitwa SRY, ambayo kwa kawaida wanaume njo wanayo, kilianza Septemba 2025 kwa wale wa mashindano ya dunia. Hakuna mahali popote kanuni inasema watoto wa shule wavuliwe nguo. Na kipimo kinaweza kumdanganya mtu: mkimbiaji María José Martínez-Patiño wa Hispania alifungiwa miaka ya 1980 juu ya kromosomu zake zilizoonekana za kiume, kumbe mwili wake hausikii testosteroni hata kidogo, akarudishwa 1988, wakati habari zake zilishatoka kwenye magazeti na maisha yake yameharibika.

Ninaomba mwandike masahihisho, ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule: kwamba Niyonsaba, Semenya na Wambui hawakubadili jinsia. Nitalikata lile gazeti nimpelekee yule mama.

Antrenere wa wasichana,
Kadutu, Bukavu