Kusaini mahudhurio siyo kukubali

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee haya mambo ya vyama vya wafanyakazi vyuoni, maana yamenikaa kooni muda mrefu.

Mimi ni mhadhiri hapa Tanga, chuo sikitaji. Mwanzoni mwa muhula uongozi uliita kamati ya tawi la chama chetu, na barua ya mwaliko ilisema kabisa kikao cha majadiliano. Tukaingia, tukakaa, chai na sambusa mezani, ndo kabrasha linagawiwa pale pale, bado lina joto la mashine ya fotokopi, kufungua ndani tunakuta mzigo mpya wa vipindi na posho ya kusahihisha mitihani imeshushwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona kabla. Watu wako ukurasa wa pili, wa tatu, karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka: jina, cheo, namba ya simu, saini. Tukasaini kama watu wanavyosaini kikao chochote kile. Katibu wa tawi akaomba wiki mbili akaongee na wanachama, akaambiwa sawa tutawasiliana, basi hatukuwasiliana tena, tulichokuja kuona ni tangazo ubaoni kwamba utaratibu mpya umeanza "baada ya kujadiliwa na kuridhiwa na wawakilishi wa wafanyakazi". Tukauliza tumeridhia lini. Tukaonyeshwa ile karatasi ya mahudhurio imebanwa pini nyuma ya muhtasari wa kikao.

Jamani! Saini ile inasema fulani alikuwepo, haisemi kingine chochote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi kwenye hili. Chama chenye wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika ndicho kinachotambuliwa kujadiliana kwa niaba yao, na mwajiri anatakiwa ajadiliane kwa nia njema, na makubaliano yakifikiwa yanaandikwa na pande zote mbili zinayasaini yenyewe kama makubaliano, halafu nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Sasa hebu niambie karatasi ya mahudhurio inaingilia wapi hapo. Tena sheria hiyohiyo inasema mwajiri akibadilisha masharti ya kazi ya mtu lazima kwanza ashauriane naye, yani siyo umshauri wakati umeshabandika tangazo.

Na kuna kitu kingine ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko hata posho. Sheria inamtaka mwajiri akipe chama taarifa kinazozihitaji ili kiweze kujadiliana, isipokuwa vitu vya siri kweli kama taarifa binafsi za mtu. Sisi kila tukigusa hela tunaambiwa chuo hakina hela, udahili umeshuka, ada hazilipwi. Inawezekana ni kweli kabisa! Mimi mwenyewe naona madarasa mengine wanafunzi wamepungua. Lakini tuonyesheni. Leteni makadirio ya bajeti, semeni ada kiasi gani imeingia na kiasi gani inadaiwa, mtu wa uhasibu akae na sisi nusu siku atueleze. Kati yetu kuna watu wanafundisha uhasibu kila siku, hesabu hizo tutazielewa, na tukiona kweli hali ni mbaya nina hakika wanachama wengi watakubali kubeba sehemu ya mzigo. Kisichobebeka ni kuambiwa tu hakuna, kikao baada ya kikao, halafu unapigwa kalenda.

Sisemi tugome. Majirani zetu Kenya mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai hela za mkataba wa 2017 hadi 2021, shilingi zao bilioni 7.9, yani mkataba walikuwa nao mkononi na bado ilibidi wagome ndo walipwe, na muda wote huo wanafunzi wako nyumbani au wanazurura hosteli bila vipindi. Mzazi wa Muheza aliyeuza machungwa kumlipia mwanae ada hastahili hayo. Kabla ya kufika huko ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wenzangu wanaoiogopa niwaambie kwenda pale siyo kumpeleka mkuu wa chuo mahakamani, kinachoanza ni usuluhishi, mnakaa mezani na mtu wa katikati.

Viongozi wetu wa tawi nao nawasema hapahapa. Mnaenda kikaoni wanachama hawajui ajenda, mnarudi hamuiti mkutano, habari tunazipata ubaoni kama wageni, na makato ya chama kila mwezi yanatoka kwenye mshahara wetu. Mkipewa kabrasha hapo kwa hapo, kataeni kulijadili siku hiyo na mhakikishe kukataa kwenu kunaandikwa kwenye muhtasari.

Ninachoomba kwa uongozi wa chuo chetu, na vyuo vingine vyenye mtindo huu, ni kabrasha litufikie angalau wiki moja kabla, muhtasari wa kikao upitiwe na pande zote kabla haujasainiwa, na lile tangazo la ubaoni litolewe mpaka tukae upya, maana hivi ninavyoandika watu wanasahihisha mitihani kwa posho ambayo hawajaikubali.

Mhadhiri,
Chumbageni, Tanga